Mtambo Wenye Adabu

Ukunda
24 Machi 2025

Kwa Bi Twaiba Salim,

KUH: NAFASI YA MHANDISI WA LUGHA

Tunafurahi kukuarifu kwamba umefaulu usaili. Kampuni ya Jibu Shamba inakuajiri kama Mhandisi wa Lugha. Kazi yako itakuwa kuufundisha mtambo wetu Kiswahili cha Pwani, ili uweze kuwajibu wakulima wa Kwale maswali ya mazao na mifugo kwa njia ya simu. Utafanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa kompyuta, na utapewa mafunzo ya miezi mitatu.

Tafadhali fika tarehe 7 Aprili, saa mbili asubuhi.

Harrison Mwendwa
Msimamizi


Kikoneni
14 Aprili 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Assalamu aleikum. Aliyeondoka ndiye huandika kwanza. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto wa darasa la tano kwa miaka ishirini na minane, lakini wiki imepita na Hanifa amerudi kutoka sokoni na kapu tupu. Basi naanza mimi. Najua mna simu. Mimi simu naitumia kwa habari za haraka. Waraka ni nusu ya kuonana, na simu ukiipima vizuri ni robo. Hanifa anashuka Ukunda na machungwa kila Jumanne na Jumamosi, kwa hiyo mpe jibu lako pale mezani kwake.

Sisi wazima. Bibi yako goti linamsumbua, ila ulimi haujapata ugonjwa. Mvua imeanza na mahindi yameshatoa vichwa.

Sasa nikwambie la moyoni. Mama yako alipokataa uiache nafasi ya ualimu kule Kwale, ni mimi niliyesimama. Nilisema ualimu naujua, hautakimbia. Lakini mtambo wa kujifunza lugha yetu utafunzwa mara moja tu, na afadhali ufunzwe na mtoto wetu kuliko mtu asiyejua kutofautisha dafu na nazi. Dada yangu alinyamaza kwa kuniheshimu, si kwa kukubali. Kwa hiyo ukifaulu nimefaulu, na ukianguka nami nimo shimoni. Binti yangu Mbeyu naye anakutazama wewe. Ameomba chuo cha uuguzi Msambweni, lakini kila jioni ni Twaiba hivi, Twaiba vile.

Nimejiandikisha na huo mtambo wenu. Niliuandikia: "Assalamu aleikum, hamjambo huko? Naomba kuuliza habari ya mikorosho yangu." Ukanijibu: "Taja umri wa mti." Nilimsomea bibi yako, akasema huyu hakulelewa. Wewe ndiye mwalimu wake. Mfunze adabu kwanza, mikorosho baadaye.

Na unieleze ofisi iko wapi, nikiulizwa na watu nisibabaike.

Ni mimi mjomba wako,
Abdulwahab Boga


Ukunda
25 Aprili 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Na bibi umfikishie shikamoo yangu, umwambie goti alikande kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, asione uvivu.

Nisamehe kwa kukawia, mafunzo yalinibana. Ofisi yetu iko Diani, kwenye barabara ya hoteli. Ni jengo la vioo, na jina la kampuni limeandikwa juu kwa herufi za buluu. Ndani kuna baridi mpaka wengine huja na masweta. Wataalamu ni watu wapole. Kila mmoja ana kompyuta yake, nami nimepewa yangu. Kazi yangu ni kuukosoa mtambo unapokosea, kama wewe na kalamu yako nyekundu.

Habari ya salamu nimeifikisha. Mtambo bado mtoto, mvumilie.

Jambo moja usije ukalishangaa. Simu zetu huzimwa kazini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ili wataalamu wapate utulivu. Ukinikosa mchana, usiwe na wasiwasi.

Msalimie Mbeyu.

Mpwa wako,
Twaiba


Ukunda
9 Mei 2025

Kwa Bi Twaiba Salim,

KUH: ONYO LA KWANZA

Imebainika kwamba katika siku kumi zilizopita umewasalimu wateja zaidi ya mara mia mbili. Mteja namba 4417 ulimuuliza mbuzi wake wameamkaje. Mteja huyo alikuwa ameuliza habari ya mikorosho.

Tunakukumbusha masharti uliyotia saini. Mteja anaamini kwamba anajibiwa na mtambo, na hapaswi kuacha kuamini hivyo. Mtambo hausalimu, haumjulii mtu hali, wala hautoi pole. Jibu linatoka kwenye daftari la majibu, nalo litumwe ndani ya sekunde arobaini. Mteja akiuliza kama anaongea na mtu, bonyeza kitufe cha F8, na maneno haya yatajituma yenyewe: "Mimi ni mtambo. Uliza swali la kilimo."

Jieleze kwa maandishi kabla ya Jumatatu.

Harrison Mwendwa
Msimamizi


Ukunda
12 Mei 2025

Bwana Harrison,

Habari za asubuhi. Barua hii haiendi kwa mteja, kwa hiyo naamini salamu inaruhusiwa.

Najieleza kama ulivyoagiza. Kwetu mtu mzima akikutolea salamu, kuitikia ni wajibu. Ukiinyamazia umemtukana, na huko kwenu nadhani ni vivyo hivyo ila mmesahau. Huwa naanza kuandika jibu la daftari, na vidole vinaandika "wa aleikumu salamu" kabla sijaviambia. Habari ya mbuzi ilikuwa kosa langu. Mteja alisema asubuhi hiyo alichelewa malishoni, nami nikauliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza.

Sasa naomba kuuliza mimi. Niliajiriwa kuufundisha mtambo. Tuko watu kumi na wawili katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro, feni mbili, moja mbovu, na tangu nifike sijauona mtambo wenyewe. Wiki ya kwanza nilidhani uko chumba kingine. Nilimuuliza Purity, mwenye mwaka mzima hapa, akaniambia: "Mtambo ndio sisi, msichana. Huo mwingine bado uko njiani unakam." Mkulima anauliza, sisi tunatafuta daftarini, tunapiga chapa, naye anashukuru kompyuta.

Naomba kujua mtambo utafika lini, ili nianze kazi niliyoajiriwa.

Wako,
Twaiba Salim


Kikoneni
16 Juni 2025

Mpwa wangu,

Assalamu aleikum. Idi tuliyokula pamoja imenitosha mpaka mwakani, ingawa ulitukimbia na pilau bado iko sufuriani.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la mtambo wako. Siku hizi umelainika. Nikiusalimu unaitika. Mwezi uliopita niliueleza kwamba mbuzi mmoja ameteguka mguu, ukanipa pole, na kesho yake ukaniuliza anaendeleaje. Bibi yako humwamuru Mbeyu amsomee majibu yote, hata yale ya samadi. Juzi akauliza, "Huyu kwao wapi?" Nikamwambia, mama, hiki ni chuma, hakina kwao. Akanitazama kama mjinga. "Chuma hakiulizi mbuzi. Huyo ni mtu wetu."

Nilicheka. Kisha nikafikiri, kama mwalimu anapokutana na madaftari mawili yenye makosa yaleyale. Siku tatu za Idi, wewe ukiwa hapa nyumbani, niliuandikia mtambo mara mbili, na mara zote ulinijibu kama askari wa lango. Uliporudi kazini, adabu ikarudi. Sisemi kitu. Nimeona tu.

La pili ni Mbeyu. Chuo cha uuguzi kimemwita. Wanataka jibu kabla ya jioni ya Ijumaa, tarehe 15 Agosti, na asipojibu nafasi atapewa mwingine. Mwenyewe anasema haendi, anakuja kwako, kwa kuwa kampuni yenu inaajiri tena Septemba. Mimi nimebanwa. Nilikusimamia wewe, siwezi kumkataza yeye nikaonekana nina ndimi mbili. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliye ndani: kazi ni ile uliyoahidiwa? Ukisema ndiyo, namwachia aje. Ukisema siyo, namfungia virago vya Msambweni. Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Mjomba wako,
Abdulwahab


Ukunda
21 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umenichekesha peke yangu barabarani. Mtambo hujifunza, ndiyo kazi yake, na siku za Idi wahandisi wengi hatukuwepo, ndiyo maana ulirudi nyuma kidogo. Mwambie bibi habari ya mbuzi niliufundisha mimi.

Kuhusu Mbeyu, kazi ni ile. Kuchoka kupo, kama kazi yoyote. Asiharakishe, lakini akipenda aje, chumba changu kinaenea vitanda viwili.

Nakatisha hapa, Hanifa anafunga meza.

Twaiba


Ukunda
11 Julai 2025

Kwa Bi Twaiba Salim,

KUH: ONYO LA PILI NA LA MWISHO

Barua yako ya tarehe 12 Mei tuliisoma. Kuhusu mtambo, unatarajiwa robo ijayo ya mwaka. Hadi hapo wafanyakazi ndio mtambo, na cheo chako kilichoandikwa kwenye barua ya ajira hakibadiliki.

Kuhusu salamu, desturi za Pwani tunaziheshimu nje ya saa za kazi. Mteja 4417 peke yake amepokea majibu ya kibinafsi mara kumi na tisa. Likitokea la ishirini, utaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Tumepokea pia maombi ya kazi kutoka kwa Mbeyu Abdulwahab, aliyekutaja wewe kuwa mdhamini wake. Tunamkaribisha. Ataajiriwa kama Mhandisi wa Lugha.

Harrison Mwendwa
Msimamizi


Kikoneni
11 Agosti 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Assalamu aleikum. Ulifika usiku wa Jumatano tumeshazika, ukakaa na wanawake siku zote hizo, jana ukarudi, na mimi na wewe hatukupata hata robo saa. Nyumba ya matanga haina faragha. Nakuandikia niliyotaka kukuambia.

Mama yangu alianguka saa tatu asubuhi akitoka uani. Saa nne alikuwa ameshatuacha. Tulikupigia, simu imezimwa, nikakumbuka ulivyonieleza. Tukakubaliana kuzika baada ya Alasiri, tukiamini mpaka hapo utakuwa umepatikana. Nilimtuma mwanangu Swabir kwa pikipiki, nikampa maelekezo yako yote: Diani, barabara ya hoteli, jengo la vioo, herufi za buluu. Anasema aliimaliza ile barabara mwisho hadi mwisho, akauliza mabawabu wa hoteli tisa, na hakuna aliyelijua jengo hilo. Alirudi tukiwa tunaliswalia jeneza. Nimemnunia tangu siku hiyo. Nadhani hakutafuta.

Na mimi nilifanya upumbavu ambao hadi leo unanitia haya. Saa tano niliuandikia mtambo. Yale maneno ya mama hayakunitoka kichwani, kwamba huyo ni mtu wetu. Nikaandika: "Assalamu aleikum. Naomba kuuliza, wewe ni Twaiba?" Sikuandika zaidi. Unajua habari ya kifo kwetu haitupwi. Unamjua kwanza uliye naye, unamwambia aketi, akishaketi ndipo unamwambia. Nikasema akiitika, nitamketisha.

Jibu lilikuja upesi. "Mimi ni mtambo. Uliza swali la kilimo."

Basi nikaona mama yangu amelala chumbani na mimi mtu mzima naongea na chuma. Nikaizima simu, nikaenda kwa wachimba kaburi.

Naomba unisamehe kwa kukudhania. Ulinipa neno lako, nami nikakushuku kwa sababu ya mbuzi. Mbeyu atakuja kwako. Ijumaa ya chuo tutaiacha ipite.

Mjomba wako,
Abdulwahab


Ukunda
12 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mbele ya machungwa ya Hanifa. Kazini sikwenda. Naandika hapahapa mezani kwake, ili iondoke naye leo ikukute kabla ya Ijumaa.

Usimnunie Swabir. Jengo la vioo halipo. Nafanya kazi hapa Ukunda, juu ya duka la magodoro, na nikiinua macho sasa hivi naliona dirisha letu. Swabir alipita chini yake akienda Diani na akapita tena akirudi. Nilikudanganya kwa sababu ulisema watu watakuuliza ofisi iko wapi, na sikutaka uwajibu "juu ya magodoro" baada ya kunisimamia vile mbele ya mama.

Mtambo nao haupo. Mtambo ni mimi na wenzangu kumi na mmoja, tunawajibu wakulima kwa kusoma daftari, tukijifanya kompyuta. Hairuhusiwi kusalimu. Majina hatuyaoni, tunaona namba. Wewe ni 4417. Nilikujua tangu lile swali la kwanza la mikorosho, kwa hiyo nilipoweza nilikusalimu, na kila niliposalimu niliandikiwa onyo. Aliyekuuliza habari ya mbuzi ni mimi. Bibi alikuwa na haki.

Sasa la Jumatano. Nimejaribu mara tatu kuliandika kwa njia nyingine, sikuipata. Swali lako lilinifikia mimi. Halikumfikia Purity wala mtu mwingine. Nilisoma "wewe ni Twaiba?" na nikajua ni wewe. Nilidhani unanitega kwa ajili ya Mbeyu, kwamba nikiitika nimekwisha. Nilikuwa na sekunde arobaini na sikutumia hata kumi. Nikabonyeza F8, kitufe kinachotuma yale maneno. Harrison hakuwa nyuma yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Baada yako nilimjibu mtu wa Lungalunga kuhusu viwavi, na nilimjibu vizuri.

Saa kumi na mbili nilipofungua kabati, simu yangu ilikuwa imepigwa mara ishirini na moja.

Ulitufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilichoniumbua mimi ni cha bibi, na hilo ndilo silivumilii. Ulinitandikia njia nimwone akiteremshwa kaburini, nami nikakujibu kwa kitufe.

Uliniuliza mwezi wa Juni kama kazi ni ile niliyoahidiwa. Siyo. Mbeyu asije. Watampa cheo kilekile, kwa karatasi ileile, na baada ya mwezi atakuwa anaandika barua kama zangu. Mfungie virago. Ijumaa isipite.

Nawe niliyekuweka shimoni, naomba radhi. Sijui kama inatosha.

Twaiba


Kikoneni
15 Agosti 2025

Twaiba,

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya mkeka wa kuswalia, nisiione. Nimekasirika. Kazi huharibika, hilo halinikasirishi, na walioahidi kazi wakatoa nyingine hiyo ni aibu yao. Jengo la vioo pia nimelimeza. Sekunde zile ndizo zimenikwama. Nilikuwa upande wa pili, nimeishika simu kwa mikono miwili.

Swabir nimemwomba radhi mbele ya watu. Akaniletea chai.

Mbeyu ameshuka Msambweni asubuhi na barua ya kukubali nafasi. Aliondoka analia, akisema umemwonea wivu, hutaki awe kama wewe. Nilimpa barua yako aisome akiwa njiani. Saa saba amepiga simu kwamba amepokewa na ataanza Septemba. Kuhusu wewe aliuliza jambo moja tu, kama umeshakula.

Mama yako hajui. Utamwambia mwenyewe. Siku hiyo nitakaa kando yako, kwa kuwa nilisema nimo shimoni na sikusema kwa mzaha.

Bibi yako hakujua kusoma hata herufi moja, akakujua. Mimi mwalimu nikambishia. Hilo nitakwenda nalo.

Mtambo sitauandikia tena. Lakini kuna swali langu lililoulizwa kwa adabu na halijajibiwa na mtu. Nalirudia hapa kwa kalamu, na kesho Hanifa atangoja jibu hadi afunge meza.

Assalamu aleikum. Naomba kuuliza, wewe ni Twaiba?

Abdulwahab Boga


Ukunda
16 Agosti 2025

Wa aleikumu salamu, mjomba.

Ni mimi. Nimeketi. Niambie.

Twaiba